Simu Inajua Kila Kitu Isipokuwa Kitufe

Naomba nianze na hesabu, maana mtu akilalamika bila hesabu huambiwa ana wivu. Mashine ya Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983 na ambayo sisi huku tuliijua kupitia maigizo yake ya bei nafuu yenye kaseti za njano, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2. Ndiyo, mbili. Ubongo wake ulikwenda kwa megahezi 1.79. Simu yangu, ambayo si ya kifahari na ina ufa unaoanzia kwenye kamera na kuishia kwenye saa, ina gigabaiti 4, yaani zaidi ya mara milioni mbili ya hizo. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na dunia zake nane, mabomba, kobe, makasri na binti mfalme ambaye kila ukifika unaambiwa yuko kasri jingine, ina kilobaiti 40. Picha ya waridi iliyoandikwa "Asubuhi njema wapendwa" inayoletwa kila alfajiri kwenye kundi la ukoo wetu ni nzito kuliko hiyo. Na shangazi haleti moja.

Sasa, pamoja na misuli yote hiyo, simu yangu haiwezi kumvusha Mario shimo la kwanza.

Nasema simu, sisemi mimi. Mimi shimo lile nililiruka utotoni, nimekaa sakafuni kwa watu, viatu nimeviacha mlangoni, huku mtoto wa mwenye TV akinisukuma mgongoni kwa goti ili nife haraka zamu imrudie. Gumba langu lilikuwa dogo lakini kazi lilikuwa linaijua. Leo gumba limekua, limeshika usukani, limesaini mikataba ya nyumba za kupanga, limechovywa wino wa kura, halafu linashindwa na kobe.

Gemu hizi kwenye simu nazicheza kwa emuleta, na kwa asiyejua, hiyo ni programu inayoifanya simu ijifanye mashine ya zamani. Umewahi kuhudhuria mkutano wa injili wa uwanjani, mhubiri ametoka ng'ambo na pembeni yake yupo mkalimani? Mhubiri akiruka, mkalimani anaruka. Akinong'ona, naye ananong'ona. Mhubiri akikohoa, mkalimani mwenye wito anakohoa pia. Hiyo ndiyo emuleta. Kila amri iliyoandikwa kwa ajili ya ule ubongo wa 1983 inasomwa, inageuzwa kuwa lugha ya ubongo wa simu, inatekelezwa, na picha inachorwa upya mara 60 kwa sekunde.

Na kukohoa wanakohoa kweli. Famicom haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande vinane vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja wa skrini. Cha tisa hakichorwi. Maadui wakijaa mstari mmoja, watengenezaji wa gemu waliwapa zamu, huyu aonekane sasa hivi, yule baadaye kidogo, ndiyo maana walikuwa wakimemeteka na sisi tukidhani TV ya watu inakufa mikononi mwetu. Simu ya leo ingeweza kuwaonyesha wote pamoja na wakwe zao. Lakini mafundi wa emuleta wamekesha kuhakikisha kumemeteka kule hakupotei. Kipo hata kichujio kinachochora juu ya picha ile mistari ya TV ya chogo. Mimi nimejinyima nikanunua TV bapa ili niikimbie mistari ile, kumbe mahali fulani kuna kijana amekaa anaiandikia programu!

Heshima yao nawapa. Sauti ipo vilevile, rangi zipo, kasoro zipo na vyeti vyake. Kitu kimoja tu hakikuigika, nacho ni kile ambacho gumba lilikuwa limekikalia.

Mwaka 1982 mhandisi mmoja wa Nintendo, Gunpei Yokoi, alibuni kitufe cha umbo la msalaba kwa ajili ya gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong. Kitufe hicho kikahamia kwenye Famicom, na tangu hapo karibu pedi zote duniani zimekiiga kwa namna moja au nyingine. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukitazama. Kimeinuka. Gumba likitulia katikati linajijua liko katikati, likibonyea kulia linajua limebonyea kulia, na macho yanabaki kwa kobe yanakotakiwa.

Kwenye simu msalaba umechorwa. Upo pale kioo kilipo, laini, baridi, hauna mwanzo wala mwisho. Unaweka gumba, unacheza vizuri dakika nzima, unajisifu kimoyomoyo, kumbe gumba limekuwa likihama polepole na sasa linabonyeza hewa. Mario kasimama. Kobe anakuja. Unabonyeza kwa nguvu zaidi, kwa sababu binadamu akipuuzwa huongeza nguvu, na kioo hakijui nguvu. Kobe amefika. Muziki wa kifo, ambao nao umeigwa kwa uaminifu mkubwa.

"Mjomba, usikitazame kidole," mpwa wangu ananishauri. Ana miaka kumi na sita na hajawahi kubonyeza kitu kinachobonyea.

"Nisipokitazama kinakwenda Bagamoyo."

"Basi shika kwa ulaini."

Kwa ulaini! Mtu nimezaliwa Temeke.

Ongeza na joto la Dar es Salaam. Gumba lenye jasho halitelezi sawasawa na gumba kavu, na gumba lililotoka kwenye sahani ya chipsi ni habari nyingine kabisa. Fundi simu mmoja wa Kariakoo alinibandikia protekta akiniapia kwamba "inasoma mguso vizuri kuliko kioo chenyewe". Inasoma, sikatai. Inasoma hata nisichoandika.

Halafu hizi simu za sasa zimeondolewa vitufe vya chini, kila kitu ni kutelezesha. Ukitelezesha kidole kutoka ukingoni mwa skrini, simu inaelewa unataka kurudi ulikotoka. Na msalaba wa emuleta wameuchora wapi? Ukingoni. Kwa hiyo ukimpeleka askari wako kushoto kukwepa risasi, simu inaona umechoka na vita, inakutoa kwa adabu mpaka kwenye picha ya ukutani, uwatazame watoto wako wakiwa wamevaa sare za mahafali ya chekechea.

Askari niliyemtaja ni wa Contra. Konami waliitoa kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1987 na mwaka uliofuata ikafika kwenye mashine za nyumbani. Risasi moja tu, umekufa. Roho zako ni tatu. Ndiyo maana kila mtaa ulikuwa na kijana mmoja aliyetembea na siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukiingiza hivyo kabla ya kuanza, unapata roho 30. Mbinu ile ilitokana na Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyeiweka kwenye gemu ya Gradius mwaka 1986 kwa sababu wakati wa kuijaribu ilimwia ngumu mwenyewe. Namwelewa sana mzee huyo. Mtaani kwetu siri hiyo haikutolewa bure. Iliuzwa kwa ubuyu, na ukilipa nusu unapewa nusu.

Naikumbuka hadi leo. PIN ya kadi ya benki naisahau, tarehe ya ndoa naikumbushwa, lakini juu juu chini chini iko pale pale. Basi fikiria uchungu wa mtu anayeijua siri, ameishika kichwani miaka yote hii bila kuitoa kwa yeyote, halafu anafika mlangoni na kioo kinamsikia vibaya. Juu ya kwanza imeingia. Juu ya pili kioo kimesoma juu-kulia, kwa sababu gumba la mtu mzima ni pana na limegusa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Imekataa. Rudia. Chini imeingia mara moja badala ya mbili. Rudia. Nimewahi kulifanya hili ndani ya daladala kwa kidole cha shahada, taratibu, midomo ikitembea, hadi mama aliyekaa pembeni akanigusa bega na kuniuliza kama naingiza namba ya malipo, anisaidie.

Daladala nayo si mahali pa Contra, ingawa foleni ya jioni inamshawishi mtu. Hatua ya tatu ni ya maporomoko ya maji, unaruka jiwe hadi jiwe kwenda juu, na sehemu ya chini ya skrini ikishapita, ikigusa miguu yako umekufa. Mkicheza wawili, aliye juu anaweza kumuua mwenzake kwa kupanda tu haraka. Binamu yangu alikuwa akinifanyia hivyo kwa makusudi, kila mara, huku akicheka. Leo ni mzee wa kanisa na bado sijamsamehe. Sasa uko kwenye jiwe la mwisho, dereva anakanyaga breki, abiria wote mnainama mbele, na konda anachagua sekunde hiyo hiyo kutikisa sarafu sikioni: "Mzee, nauli." Kitufe cha kusimamisha gemu? Kipo. Kimechorwa chini kabisa katikati, kidogo mno, ili usikibonyeze kwa bahati mbaya. Wala kwa bahati nzuri.

Lakini konda ni binadamu, anaondoka. Ujumbe hauondoki. Sijui nani aliamua taarifa za ujumbe zishukie juu ya skrini, upande uleule ambao risasi zinatokea. Roho yangu ya mwisho imekatishwa na mtu nisiyemjua anayeniambia ile hela niitume kwenye namba hii. Siku nyingine ni mganga kutoka mbali, ana dawa ya mapenzi, mvuto wa biashara na kurudisha mali iliyopotea. Roho za Contra hazimo kwenye orodha yake, vinginevyo ningepiga.

Na simu, jamani, bado inapigika. Watu wanasahau. Mario yuko hewani juu ya shimo, amenyanyua ngumi, na jina linalotokea ni la mama mkwe. Hapo huna mjadala, unapokea na unakaa wima hata kama hakuoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Watoto?"

"Hawajambo mama. Habari za hapo?"

"Hapa salama, ni mvua tu. Na yule kuku niliyekuambia..."

Habari ya kuku mwenye kideri haina njia ya mkato. Ina mwanzo, ina majirani, ina bwana mifugo aliyeahidi kuja na hakuja. Emuleta kwa wema wake inamsubirisha Mario pale pale hewani, muda wote huo, ngumi juu. Tukishaagana, narudi, na gemu haikuulizi kama uko tayari, inaendelea kutoka katikati ya mruko. Mimi sikumbuki nilikuwa naelekea wapi. Akili yangu iko kwenye banda la kuku. Shimo limemmeza.

Mpwa wangu anasema dawa ipo, na dawa yenyewe ndiyo inayonikera kuliko ugonjwa. Emuleta zina uwezo wa kuhifadhi gemu mahali popote, sekunde yoyote. Mashine ya zamani haikuwa na huruma hiyo. Ukizima, umerudi mwanzo, na umeme ukikatika umerudi mwanzo pia, hata kama ulikuwa dunia ya nane na mtaa mzima umekusanyika dirishani. Sasa unaweza kuhifadhi kabla ya kila shimo. Ukianguka, unabonyeza, unarudi ulipokuwa. Zipo nyingine zinazokuruhusu kurudisha nyuma kabisa, Mario anatoka shimoni kinyumenyume, kobe anarudi kwao.

Nilimaliza Contra kwa njia hiyo. Niliimaliza yote, hadi ule moyo mkubwa wa mwisho, kisiwa kikalipuka, helikopta ikaondoka. Nikaenda kumwonyesha mpwa wangu kwa kiburi cha kistaarabu.

Akatazama. Akauliza nilihifadhi mara ngapi. Nikamwambia sikuhesabu.

"Sasa mjomba, hapo hujaimaliza. Umeihariri."

Niko kwenye kazi ya kuandika, neno hilo lilinichoma panapohusika. Na mbaya zaidi ana haki. Katika hali hiyo hakuna tofauti kati ya fundi na mimi, isipokuwa kwamba mimi nina subira ya kubonyeza. Tangu siku hiyo nacheza kwa roho tatu, bila kuhifadhi, na sijafika tena hata kwenye maporomoko.

Kuzipata gemu zenyewe nako ni safari. Wengi hudhani ukishusha emuleta umeshusha gemu. Ukiifungua inakukaribisha kwa skrini nyeusi na kukuuliza gemu zako ziko wapi. Nami hilo ndilo swali nililokuja nalo! Sababu ni ya kisheria. Mwaka 2000, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliipa ushindi Connectix, kampuni iliyokuwa imetengeneza programu ya kuiga PlayStation kwenye kompyuta za Macintosh, baada ya Sony kuishitaki. Kuiga mashine, kwa uamuzi ule, kulikuwa halali. Gemu, hata hivyo, zina wenyewe, na wenyewe wako macho. Ndiyo maana emuleta yenye adabu huja mikono mitupu, na kukuachia wewe na dhamiri yako mtafute mlango.

Wamiliki wa iPhone ndio walinichekesha zaidi. Hadi Aprili 2024 Apple hawakuruhusu emuleta za namna hii kwenye duka lao. Waliporuhusu, jirani yangu alikuja kunionyesha Mario ndani ya simu kwa sauti ya mtu aliyegundua moto. Sisi wa Android tulikuwa tumeshaungua siku nyingi. Sikumwambia kitu. Nilimwangalia akianguka shimo la kwanza, nikapata amani kidogo.

Ukitaka niseme ukweli kuhusu uhalali, hata zile kaseti zetu za njano hazikuwa za ukoo bora. Juu zimeandikwa gemu 9999. Ukizipitia unakuta ni chache tu, zilizobaki ni zilezile zimepewa jina jipya, au zinaanzia hatua ya tano, au Mario amebadilishwa kaptula. Hatukumlalamikia mtu. Tulikuwa tunapuliza kaseti, tunachomeka, tunamwomba Mungu. Kupuliza kwenyewe, wenye mashine walikuwa wanakataza, maana unyevu wa mdomo huleta kutu kwenye shaba za kaseti. Wao walikuwa Kyoto, sisi tulikuwa Temeke, na kaseti iliwaka.

Gemu moja tu imekuwa rahisi kwenye simu kuliko zamani, nayo imeharibika kwa sababu hiyohiyo. Duck Hunt, ya 1984, ilichezwa kwa bunduki ya plastiki. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, mahali alipo bata panachorwa mraba mweupe, na jicho la mwanga lililo ndani ya mtutu linaangalia kama linauona weupe huo. Ujanja huo uliitegemea TV ya chogo na namna inavyochora picha. Kwenye TV bapa bunduki inapigwa na bumbuwazi. Watu wa emuleta wakasema basi, bunduki iwe kidole. Unamgusa bata. Anakufa. Unamgusa mwingine. Anakufa. Sijui kama huo ni uwindaji au ukaguzi wa kuku sokoni. Yule mbwa aliyekuwa akiinuka kwenye nyasi kutucheka kila tukikosa, mbwa ambaye watoto wa kizazi kizima waliapa kumpiga risasi na hawakuweza, sasa hapati nafasi. Anainuka na bata mkononi, mtiifu, kila mara. Naona hata yeye hana raha.

PlayStation nimeijaribu pia. Pedi yake ina vitufe 14, na emuleta, kwa uaminifu wake, imevichora vyote 14 juu ya skrini. Ukiongeza magumba mawili, mpira wenyewe unachezwa kwenye eneo lenye ukubwa wa stempu. Mpwa wangu hajali. Yeye na wenzake wanacheza mpira wa PSP kwenye PPSSPP, emuleta aliyoitoa Henrik Rydgård mwaka 2012 na ambayo vijana wa mitaani wanaijua kuliko majina ya wabunge wao. Vidole vinapaa juu ya kioo bila kutua. Alinipa nicheze naye. Alinifunga mabao ambayo mhariri wangu hana nafasi ya kuyachapisha.

Nilichokitaka hasa ni PES 6 ya PlayStation 2, ile ya Adriano wa Inter, ambaye mguu wake wa kushoto ulileta kesi kwenye mabanda ya gemu, wengine wakipendekeza apigwe marufuku kwa usalama wa urafiki. Nilitaka kuiona tena Merseyside Red, maana Konami hawakuwa na kibali cha kuandika Liverpool, na mashabiki wa Liverpool mtaani wakalipokea jina hilo bila kinyongo mradi wanashinda. Nilitaka nianze na kina Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuni wasio na mbio wala shabaha ambao kila mtu aliwauza mapema na kuwakumbuka milele. Lakini PlayStation 2 si mzaha. Inahitaji simu yenye nguvu. Ya kwangu ilichemka, ikatoa picha moja moja kwa mwendo wa bibi harusi, ikazima.

Nilitaka kumwandikia malalamiko makali mtu aliyetengeneza emuleta ile, AetherSX2. Nikakuta ameshaacha. Mwanzoni mwa 2023 alitangaza kusitisha kazi, amechoshwa na watu wanaomlalamikia, wanaomdai mambo, wanaojifanya ni yeye, na hata wanaotishia kumuua. Kitu chenyewe alikuwa anakitoa bure! Yaani mtu anakupa PlayStation 2 ndani ya simu, hakuombi hata soda, na wewe unamwandikia kutishia maisha yake kwa sababu Adriano anakwenda polepole. Nikaifuta barua yangu. Malalamiko yangu ya emuleta nitakuwa nayaweka hapa kwenye safu hii, ambapo hayawezi kumfikia mtu yeyote mwenye manufaa.

Mwishowe nikashuka Kariakoo nikanunua pedi isiyo na waya. Ina msalaba, umeinuka, unabonyea. Niliugusa pale dukani gumba likanyamaza kwa furaha, muuzaji akadhani naomba kupunguziwa bei kimyakimya kwa macho. Nikafika nyumbani, mpwa wangu akaiunganisha simu na TV kubwa ya sebuleni kwa waya, na kwa mara ya kwanza tangu utoto Mario akawa na ukubwa unaomstahili.

Nikabonyeza. Mario akafikiria kwanza. Ndipo akaruka.

"TV inachelewesha, mjomba," akasema mpwa wangu. Anasema hizi TV bapa hupokea picha, huisafisha, huipamba, ndipo huionyesha, na Mario anafia kwenye saluni hiyo. Ila kuna mahali ndani ya mipangilio ya TV pameandikwa hali ya gemu. Ukipawasha, urembo unazimwa, picha inakuja mbiombio. Ni kuingia tu na rimoti.

"Mama watoto, rimoti iko wapi?"

"Rimoti ya nini, na tamthilia yangu inaanza saa mbili?"

"Nabadilisha kitu kidogo tu kwenye TV."

"Baba watoto, mara ya mwisho ulibadilisha kitu kidogo tukaangalia taarifa ya habari kwa Kichina wiki nzima."

Anasema rimoti alikuwa nayo kitinda mimba. Kitinda mimba anasema ameiweka kwenye friji, ilikuwa inaona joto. Kwenye friji hakuna. Saa mbili kasoro dakika tano, Mario yuko kwenye TV, anasubiri, na mama watoto tayari amekaa.